Msimbati, Lindi au Mikindani: Mahali pa Kwenda Kutazama Ndege wa Tope na Mikoko

Mtu anayetaka kutazama ndege wa majini katika pwani ya kusini ya Tanzania hakosi mahali pa kwenda. Linalomsumbua ni kwamba ghuba za huku hazifanani, na mpango wa safari unaofaa ghuba moja huharibika kabisa katika nyingine. Ghuba ya Mnazi pamoja na maingilio ya Mto Ruvuma, upande wa Msimbati, ndiyo inayotajwa zaidi kwa sababu ni hifadhi ya bahari. Ghuba ya Lindi, ambamo Mto Lukuledi unaingia baharini, hutajwa mara chache, na Ghuba ya Mikindani hupitwa na mabasi kila siku bila wasafiri kugeuza shingo. Makala haya yanazilinganisha kwa kipimo ambacho kwa maoni yangu kinatangulia vingine vyote: maji yanapojaa ndege wanakwenda wapi, na mtazamaji anaweza kusimama wapi ili awaone.

Maji kwanza

Ndege wengi wanaomvuta mtazamaji huku ni wale wanaokula juu ya tope na mchanga uliofunuliwa na maji kupwa: vitwitwi wa aina mbalimbali, sululu wenye midomo iliyopinda, membe, kwarara, yangeyange na koikoi. Maji yakiwa yamekupwa wanatawanyika katika eneo kubwa kutafuta kaa, minyoo na konokono, na aliye ufukoni huwaona kama vidoa vinavyotembea. Maji yanapoanza kujaa eneo hilo linapungua, ndege wanasukumwa kuelekea sehemu chache zilizobaki kavu, na hapo mamia husimama pamoja wakingoja bahari irudi nyuma. Anayejua mahali pao pa kungojea ataona kwa saa mbili ndege ambao mwenzake hatawaona kwa kutembea topeni kutwa nzima.

Katika pwani yetu tofauti ya maji wakati wa bamvu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kuliko kawaida, hupita mita 3, na bamvu huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wavuvi wote wanajua, na wageni wengi hawajui, kwamba saa za bamvu ni zilezile mwezi hadi mwezi. Tangu siku ya mwezi mpevu au mwandamo hadi siku mbili zinazofuata, maji hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, jioni na alfajiri, na hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu, siku za katikati ya bamvu moja na nyingine, saa hizo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, tena kwa kiasi kidogo, hata sehemu kubwa ya tope haifunikwi na ndege hawalazimiki kuhama. Kwa hiyo anayepanga safari aangalie mwezi kabla hajauliza nauli, kwa sababu mahali pazuri siku ya maji mafu panaweza kumrudisha mtu nyumbani akiamini kwamba hakuna ndege.

Msimbati na maingilio ya Ruvuma

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000 na ina eneo la takriban kilomita za mraba 650, zikiwemo bahari, matumbawe, visiwa, mikoko na vijiji. Kijiji cha Msimbati kiko umbali wa takriban kilomita 40 kutoka mjini Mtwara, kwa njia inayopita Madimba. Kwa upana wa mandhari na wingi wa aina za viumbe, hakuna mahali pengine katika mikoa ya Mtwara na Lindi panapoweza kushindana na hapa. Ruvuma, ambao urefu wake ni takriban kilomita 800, unamwaga udongo na mchanga mwingi baharini, na mdomo wake umejaa mafungu ya mchanga yanayohama, vijito vinavyogawanyika katikati ya mikoko, na tope ambalo halijaguswa sana na watu. Viboko na mamba wapo ndani ya mto. Nyangumi wenye nundu hupita nje ya ghuba kati ya Julai na Oktoba, na kasa hupanda kutaga katika fukwe za hifadhi.

Sababu kubwa ya kwenda huko, kwa upande wa ndege, ni membe. Ndege huyu, ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola, ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa tope, kwa kuwa kazi yake ni kumpiga kaa na kumvunja. Hutaga katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani za Arabuni, ndani ya shimo analolichimba mwenyewe mchangani. Huweka yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Baada ya hapo hushuka hadi pwani ya Afrika Mashariki, na mtu mwenye subira huweza kuona jambo ambalo ni nadra kwa ndege wa aina hii: mtoto mwenye mgongo wa kijivu akimfuata mzazi wake juu ya fungu la mchanga, ameinamisha kichwa, analialia, na mzazi anamletea kaa ingawa mtoto huyo ameruka maelfu ya kilomita kwa mabawa yake mwenyewe. Kumwona membe akila kwa karibu kunatosha kuwa sababu ya safari nzima, na mtu ambaye moyo wake uko kwake asipoteze muda kufikiria mahali pengine.

Lakini ukubwa huo ndio unaomshinda mtazamaji asiyejiandaa. Maji yanapojaa, ndege wa Ghuba ya Mnazi hawaji kijijini. Wanakwenda kwenye mafungu ya mdomo wa mto na kwenye kingo za visiwa kama Namponda na Mongo, ambako huwezi kufika kwa miguu. Lazima upate mashua au boti, na lazima nahodha akubali ratiba ambayo kwake ni ngeni. Siku ya bamvu vijito vya mikoko huwa vikavu saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo mnaondoka mchana maji yakiwa yameanza kupanda, mnafika karibu na fungu la mwisho kufunikwa kiasi cha saa tisa, mnazima mashine mbali na kuacha mashua ipoteze mwendo taratibu, na mnakuwa mmeshageuka kabla giza halijawakuta nje. Nahodha akizoea kupeleka watalii kuogelea atataka kuisogeza mashua hadi ndege waruke, akidhani kwamba kuruka ndiko mnakokutaka. Mwambieni kabla ya kupanda, kwa upole lakini kwa uwazi, kwamba ndege wakiruka safari imeharibika.

Kuna na suala la gharama na ruhusa. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, viwango vya raia na vya wageni ni tofauti, na ofisi ya hifadhi ndiyo ya kuuliza habari za boti na kiongozi. Gharama kubwa zaidi ni boti yenyewe pamoja na mafuta. Watu wanne wanaochangia wataiona ya kawaida, ila mtu mmoja anayeibeba peke yake ataiona nzito. Barabara ina sehemu za mchanga, na wakati wa mvua gari la chini hupata taabu.

Jambo la mwisho kuhusu Msimbati linahitaji kusemwa bila kuzungukazunguka. Ruvuma ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, limekuwa na mashambulizi ya watu wenye silaha, na mnamo Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Vilevile Msimbati na Madimba kuna visima na mitambo ya gesi asilia, gesi ambayo iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mtu mwenye darubini kubwa na kamera ya lenzi ndefu, anayezunguka mpakani au karibu na mitambo, anawapa walinzi haki ya kumtilia shaka. Pita kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulishe, beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, eleza unakokwenda na saa ya kurudi, na ukiambiwa kwamba upande wa mtoni haupitiki wiki hiyo, kubali. Usielekeze kamera kwenye mitambo hata kama kuna furukombe ametua juu yake.

Lindi na mkono wa Lukuledi

Ghuba ya Lindi si hifadhi ya bahari, haina lango la kulipia, na haina jina kubwa. Mto Lukuledi, unaotoka upande wa Masasi, unaingia ndani yake kupitia mkono mrefu wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mji wa Lindi umekaa ukingoni mwa ghuba hiyo ukitazama mashariki. Kwa anayeanza, kwa asiye na boti, na kwa anayetaka kujifunza kutofautisha kitwitwi mmoja na mwingine, ninaona Lindi ni bora kuliko Msimbati, tena kwa mbali.

Sababu yake ni wembamba wa mahali penyewe. Maji yanapojaa katika mkono wa Lukuledi, ndege hawana visiwa vya mchanga vya kukimbilia. Wanarudi kwenye kingo za mikoko, kwenye viwanja vitupu vya chumvi nyuma ya mikoko, na kwenye majaruba ya chumvi yaliyochimbwa na watu kandokando ya pwani hii. Jaruba la chumvi ni rafiki mkubwa wa mtazamaji wa ndege. Maji yake ni ya kina kifupi na hayapandi wala kushuka pamoja na bahari. Vijidudu vinavyostahimili chumvi kali hujaa ndani yake, na kuta za udongo zinakupa mahali pakavu pa kusimama. Ndege aliyekuwa umbali wa nusu kilomita saa nne asubuhi anakuwa hatua 40 kutoka kwako saa tisa alasiri, amesimama kwa mguu mmoja, ameficha mdomo chini ya bawa.

Kuna na suala la jua ambalo watu hawalifikirii hadi liwachome macho. Kwa kuwa ghuba inaelekea mashariki, asubuhi mtu aliye upande wa mji anatazama jua na kila ndege anakuwa kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni mwake, na siku za bamvu ndiyo saa ileile maji yanapojaa. Mwanga mzuri na ndege walio karibu hukutana saa moja, na bahati ya namna hiyo huipati kila ghuba. Ratiba ya siku moja inajipanga yenyewe: asubuhi na mapema, maji yakiwa yanarudi, unatembea kwenye njia za mikoko, saa nne unapumzika au unavuka, kuanzia saa nane mchana unakuwa umeshakaa kwenye ukuta wa jaruba, kimya, kabla ndege hawajafika.

Njia ya mikoko inastahili asubuhi yake nzima. Anza upande wa nchi kavu, ambako mchu huota katika udongo wenye chumvi nyingi kuliko miti mingine inavyoweza kuvumilia. Geuza jani lake wakati wa jua utaona chembe nyeupe juu yake, na ukiligusa kwa ulimi utaonja chumvi, kwa sababu mti huu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kupitia majani. Ukisogea mbele unawakuta mikandaa na misinzi, kisha mikoko yenyewe yenye mizizi iliyojitupa nje, na ukingoni kabisa mwa maji milana. Chini yao tope limejaa matundu, na ukisimama bila kutikisika kwa dakika chache kaa wadogo hutoka mmoja mmoja, dume akiwa na gando moja kubwa kuliko jingine analolipunga juu na chini kuwaita majike na kuwaonya wapinzani. Samaki wadogo wenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa huruka juu ya tope na kujibandika kwenye mizizi. Hao wote ni chakula cha mdiria wa mikoko, mwenye mdomo mwekundu na mgongo wa samawati, ambaye husikika kabla ya kuonekana na hupenda kurudi kwenye tawi lilelile. Ukishalijua tawi lake, kaa umngoje.

Ukiwa huko huenda ukamkuta koikoi mweusi, mdogo, mwenye vidole vya njano, anayevua kwa namna ambayo mtu akiiona mara ya kwanza hatamani kuondoka. Anapiga hatua mbili tatu majini, anasimama ghafla, anafungua mabawa yote mawili na kuyakutanisha mbele ya kichwa kama mwavuli, anabaki ndani ya kivuli hicho kwa sekunde chache huku samaki wadogo wakikimbilia gizani, kisha anafunga, anasogea, anafungua tena. Yangeyange wa pwani naye yupo, na mgeni achukue tahadhari kwamba ndege huyu ana sura mbili, nyeupe kabisa na nyeusi-kijivu, ambazo huweza kuwa katika kundi moja. Wengi huandika aina mbili mahali ambapo wameona moja.

Usafiri wa Lindi ni mwepesi. Bajaji na bodaboda zinakufikisha karibu na pwani, barabara ya kwenda Mingoyo inapita jirani na mkono wa bahari katika sehemu kadhaa, na kivuko cha MV Kitunda kinakuvusha hadi Kitunda, upande wa pili wa ghuba, kwa nauli ya mwananchi wa kawaida. Simama ubavuni mwa kivuko badala ya kukaa ndani. Buabua na shakwe hupita usawa wa macho, na ukifika ng'ambo unaona upande wa mikoko ambao mjini huuoni.

Upungufu wa Lindi nao upo. Hutamwona kiboko ukiwa umekaa jarubani, membe si wa kutegemea kama kule Ghuba ya Mnazi, na mahali penyewe ni pa kazi: kuna wachimba chumvi, wavuvi, akina mama wanaochokoa pweza na kuokota kombe, na ndege hushtuliwa mara kwa mara. Majaruba yana wenyewe. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au msimamizi, usikanyage kuta zilizokandikwa karibuni, na usisimame juu ya chumvi iliyoanza kuganda. Mtu akikuta akina mama pwani, neno la kwanza ni "shikamoo, mama", na la pili ni kuuliza kama atawavurugia kazi akipita. Mara nyingi wao ndio watakaokuambia ndege walikuwa wapi jana, na maelezo yao ni sahihi kuliko ramani, kwa kuwa wanafuata maji yaleyale wanayoyafuata ndege.

Mwenye siku ya ziada aende Rutamba, bara kidogo kutoka mjini Lindi, ambako kuna ziwa la maji baridi na Msitu wa Hifadhi wa Litipo pembeni yake. Huko si pwani tena na ndege wake ni wengine kabisa, kwa hiyo sipaingizi katika ulinganisho huu, lakini kwa anayetaka viboko na mamba bila kwenda mpakani ni jibu zuri.

Mikindani na Msangamkuu

Ghuba ya Mikindani iko kilomita 10 hivi kutoka mjini Mtwara, kando ya barabara kuu ya Lindi. Ni duara la maji lenye mlango mwembamba wa bahari, na mji wake wa kale ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kwa ndege, faida yake ni moja tu, nayo ni kubwa kwa mkazi wa Mtwara: unaweza kutoka kazini, ukapanda daladala, ukasimama kando ya maji na kurudi kabla ya isha. Yangeyange, koikoi, kwarara na sululu wapo wa kutosha kumfanya mtu azoee macho yake. Lakini nyumba na barabara zimeusogelea ukingo, mikoko imebaki vipandevipande, na maji yakijaa ndege wengi huondoka ndani ya ghuba. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali asiichague Mikindani kama lengo, mkazi asiidharau.

Msangamkuu, rasi iliyo mbele ya bandari ya Mtwara na ambayo hufikiwa kwa kivuko cha MV Mafanikio, ni nzuri zaidi kwa buabua na kwa vitwitwi wanaokimbiakimbia ukingoni mwa mawimbi, kwa kuwa upande wake wa nje una mchanga unaoelekea bahari kuu.

Msimu unabadilisha jibu

Ndege wahamiaji kutoka Ulaya, Siberia na Asia ya Kati huanza kufika Agosti na Septemba, na huondoka Machi na Aprili. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, pwani haiko tupu, kwa kuwa vijana wa baadhi ya aina hubaki bila kurudi kaskazini na wenyeji kama mdiria wa mikoko wapo mwaka mzima, ila idadi inashuka sana. Anayekwenda Msimbati wakati huo aende kwa ajili ya nyangumi, na ndege wawe nyongeza.

Kwa Msimbati wakati bora ni Oktoba na Novemba, kipindi cha maleleji, upepo wa kusi ukiwa umekufa na wa kaskazi haujashika. Bahari inakuwa tulivu kiasi cha mashua ndogo kukaribia mafungu ya mdomo wa mto, wahamiaji wameshafika, na barabara bado ni kavu. Kuanzia Desemba mvua za kusini zinaanza, Ruvuma unajaa na maji yake kuwa mekundu, na safari ya boti inakuwa ya kubahatisha.

Lindi ina uvumilivu mkubwa zaidi. Oktoba na Novemba panafaa vilevile, ingawa majaruba mengi huwa yana watu kwa sababu chumvi huvunwa wakati wa ukavu. Mvua zikianza kazi husimama, majaruba hubaki na maji yasiyo na watu, na ndege hukaa bila bughudha. Mimi ningependekeza wiki za mwisho za Machi kwa mtu anayeweza kuvumilia kulowa, kwa sababu kitwitwi anayezaliana katika nyika za barafu za Siberia, ambaye tangu Septemba alikuwa wa kijivu asiyevutia jicho, anakuwa amebadilika kifua na tumbo kuwa wekundu wa tofali. Wenye rangi na wasiokuwa nayo husimama pamoja, na mtu anaona mabadiliko ya hatua zote ndani ya kundi moja. Ila asafiri mapema na aweke siku za akiba: mnamo Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wa mikoa yetu walikwama.

Vifaa

Tofauti ya mahali inaleta tofauti ya vifaa. Msimbati, ndani ya mashua inayoyumba, darubini ya kushika mkononi ya 8×42 inafaa kuliko yenye ukuzaji mkubwa, kwa sababu kila unachokuza unakuza pamoja na mtikisiko. Darubini ya miguu mitatu haina kazi baharini. Ibebe tu kama utashuka kwenye mchanga imara. Lindi mambo ni kinyume: ukutani mwa jaruba darubini ya miguu mitatu inakuonyesha hata rangi ya miguu na urefu wa mdomo, na hizo ndizo alama za kuwatenganisha vitwitwi wanaofanana. Asiye na uwezo wa kuinunua aende Lindi na darubini ndogo, kwa kuwa huko ndege wanakuja wenyewe.

Viatu vya wazi viachwe nyumbani. Chaza walioota kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe, na ndani ya tope kuna vipande vya kombe. Viatu vya mpira vinavyobana mguu vinatosha. Katika kingo za Ruvuma na sehemu za juu za Lukuledi usiingie majini wala usisimame ukingoni, kwa sababu ya mamba.

Kama lengo ni kuhesabu

Kila Januari, katikati ya mwezi, ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za dunia, na pwani ya kusini ya Tanzania inahitaji macho zaidi kuliko iliyonayo. Mikoko inakatwa kwa mbao na kuni, mwambao umeumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na bila hesabu hakuna atakayeweza kuonyesha kipi kimepungua na wapi. Upande wa kaskazini wa Mkoa wa Lindi, Kilwa imo ndani ya eneo la Ramsar (ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa) la Rufiji-Mafia-Kilwa, lenye takriban hekta 597,000 na lililotambuliwa mwaka 2004, kwa hiyo lina sauti yake. Ghuba ya Lindi haina hadhi hiyo. Mtu au kikundi chenye siku moja tu ya kuhesabu kiende majaruba ya Lindi siku ya bamvu, kianze saa nane mchana na kila mmoja apewe jaruba lake, kwani ndege waliotulia sehemu ndogo huhesabika mara mbili na hesabu mbili zikalinganishwa. Kikundi chenye boti, nahodha anayeelewa na ruhusa iliyokwisha kutolewa kiende mdomo wa Ruvuma, na kiweke nguvu zake zote kwa membe. Orodha ziingizwe katika programu ya eBird au zipelekwe kwa Tanzania Bird Atlas, pamoja na tarehe, saa, hali ya maji na jina la jaruba au fungu. Kumbukumbu isiyotaja hali ya maji haiwezi kulinganishwa na ya mwaka unaofuata.